Mama Mkwe Aliposema Maji ni ya Magotini

Mmeniuliza mno, kwa kinyozi, sokoni, hata msikitini kabla sijavua viatu: kwa nini gari la bosi lilirudi Palma likinuka tope, na kwa nini mama mkwe sikurudi naye. Kila mmoja wenu nilimpa kipande. Juzi kipande kimoja kimezunguka mji kikanirudia kikiwa na mamba ndani yake. Hapakuwa na mamba. Basi naandika yote, kwa mpangilio wa njia, na atakayeongeza mamba aongeze kwa jina lake.

Mimi ni fundi wa friji, si dereva. Gari ni la bosi wangu, la dizeli, kuukuu, linavuta kwa magurudumu yote manne ukishashuka na kufunga kwa mkono habu za mbele, vile vifungo vya katikati ya magurudumu. Zamani kidogo nilimzamishia bosi huyohuyo gari jingine katika dimbwi ambalo mbuzi alikuwa amelivuka mbele yangu bila kulowa tumbo. Mbuzi alijua njia, mimi sikuijua. Tangu siku hiyo nimejifunza habari za kuvuka maji kwa bidii kuliko nilivyojifunza friji, na nikajiona bingwa. Mlijue hilo mapema, maana ndilo lililoniponza.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shamba la wakwe zangu liko Nhica do Rovuma, upande wa bondeni. Watu walipokimbia vita, mama mkwe, Mama Zaituni, alikwenda kukaa Diaca kwa kaka yake. Sasa watu wanarudi, na chefe wa kijiji akatangaza kwamba Alhamisi kila mwenye shamba bondeni afike aonyeshe mipaka kwa miguu yake mwenyewe. Asiyefika kabla ya alasiri, shamba litaandikwa kwa yule anayelilima. Baba mkwe alishafariki. Zaituni, mke wangu, aliondoka kule mdogo, hajui mpaka hata mmoja. Anayejua ni mama peke yake. Na Amina wetu alikuwa na homa, kwa hiyo Zaituni hangeweza kwenda popote. Jumatatu aliniandalia chai, akakaa mbele yangu, akasema, "Baba Amina, kamlete mama." Sikumaliza hata kikombe.

Palma hadi Diaca

Niliondoka Jumanne alfajiri nikiwa na hesabu nzuri kichwani. Hesabu ilivunjika kwenye kituo cha kwanza cha askari. Kijana mmoja, mtu wa kusini asiyejua neno la Kiswahili, alikagua gari akakuta mfuko wangu wa zana na mtungi wa gesi ya friji.

"Técnico de frio?" akaniuliza kwa Kireno, yaani fundi wa friji?

Nikajibu "Sim," ndiyo, kwa majivuno, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Wana jeleira pale, friji lao, imekufa, samaki wao wanaoza. Niliinama nyuma ya jeleira hiyo mpaka jua likawa kali. Kasoro ilikuwa waya mmoja ulioliwa na panya. Hawakunilipa, lakini walinipa samaki wawili wa kukaanga na saluti, na niliporudi kesho yake walifungua kizuizi kabla sijasimama.

Mocímboa nilisimama kula mkate wa bajia, ule wa moto unaochoma ulimi, nikanunua mwingine wa njiani nikaumaliza kabla sijatoka mjini. Diaca nilifika jua linazama.

Diaca, ambako sikuondoka nilipotaka

Nilikuwa nimepanga kulala na kuondoka swala ya alfajiri. Kaka yake mama mkwe, mzee mwenye masihara mengi, akaniambia mkwe haondoki bila kula, na chakula cha mkwe hakipikwi kwa haraka. Asubuhi wakaanza kutwanga majani ya muhogo kwa ajili ya matapa. Kisha ikatafutwa karanga. Kisha nazi. Nikakaa nje nikitazama mawingu yakikusanyika upande wa Palma, nikimtabasamia kila aliyepita, na ndani ya moyo nikiungua.

Wasiojua desturi zetu niwaambie: mkwe na mama mkwe hawali pamoja. Hawakai kiti kimoja, hawatazamani usoni, na yapo maneno mengi ambayo hayapiti kati yao. Miaka saba nimemuoa Zaituni, na mama yake nilikuwa namfahamu zaidi kwa sauti na kwa nyayo. Nampenda. Alinisimamia wakati ndugu zake walipotaka mkwe mwenye duka. Lakini mapenzi yetu yalikuwa ya kupitia watu wengine.

Tulipoondoka, saa nne, alikaa kiti cha nyuma, kanga imemfunika mpaka kwenye nyusi, na pajani ameweka kikapu chenye kuku mweupe. Nikasema ndani ya nafsi yangu, safari nzima hii tutazungumza nini?

Diaca hadi Palma, na maneno ya kuku

Haukupita muda nikasikia sauti nyuma yangu.

"Kuku, weye unaionaje kona hii? Mie nadhani ingekuwa yangu, ningepunguza mwendo."

Nikapunguza mwendo.

"Ahsante, kuku," akasema.

Hivyo ndivyo tulivyozungumza siku nzima. Kuku aliambiwa kwamba Amina akipona homa apewe uji wa mtama. Kuku aliulizwa kama bosi wangu ananilipa vizuri, na mimi nikamjibu kuku kwamba si sana. Kuna mahali alimwambia kuku kwamba mkwe wake amekonda na Zaituni aulizwe anampikia nini. Nikamtetea Zaituni mbele ya kuku kwa nguvu zangu zote, na nyuma nikasikia mtu anacheka ndani ya kanga.

Njaa ilipouma tulinunua mahindi ya kuchoma. Nikasimamisha gari, nikaenda kula ya kwangu nyuma ya mti, yeye akala ya kwake garini. Wapita njia walinitazama sana.

Kabla ya Palma tulikuta korongo limejaa maji, si mengi. Nikaona hapa ndipo pa kuonyesha ubingwa. Nikashuka, nikaingia na fimbo, nikapima mwanzo hadi mwisho. Nikarudi, nikafunga habu, nikaweka gia ya pili ile ndogo, nikafungua vioo vyote na kufungua mkanda wa kiti. Nikaeleza kila hatua kwa sauti, nikijifanya namweleza kuku.

"Kwanza, usiingie maji ambayo mtu hajayatembea. Dereva amtazame anayetembea, aone maji yanamfika wapi. Yakiwa ya magoti, twende. Yakizidi hapo, tunafunika pua ya gari kwa turubai lile la nyuma, ili feni isije ikayarusha maji kwenye injini. Ndani ya maji hakuna kubadili gia, hakuna kukanyaga klachi, mwendo ni mmoja. Na gari likizimika humo, usiliwashe. Injini iliyomeza maji ukiiwasha unaivunja vyuma."

Tukavuka vizuri kabisa. Upande wa pili nikakanyaga breki kidogo kidogo zikauke.

"Kuku," akasema mama mkwe, "huyu anajua kazi."

Nilivimba kichwa mpaka Palma. Nyumbani Zaituni alimkumbatia mama yake, na mvua ikaanza.

Palma hadi bondeni

Ilinyesha usiku kucha. Alhamisi asubuhi tuliondoka mapema, lakini njia ilikuwa utelezi, na mara mbili nilishuka kukata matawi na kuyatandaza chini ya magurudumu. Mama mkwe hakuzungumza na mtu wala na kuku. Nilimwona kwenye kioo akihesabu punje za tasbihi na kutazama jua kila lilipochungulia.

Ilipokaribia saa tano tulifika kwenye kijito cha mwisho. Kiangazi mtu anakiruka. Siku ile kilikuwa kimetanuka mpaka kwenye matete, maji ya kahawia, mapana kama uwanja wa mpira. Nikatupa kijiti. Kilikwenda taratibu, polepole kuliko mtu anayetembea, kwa hiyo mkondo haukunitisha. Nikaanza kukunja suruali.

"Kuku," ikaja sauti, "mwambie Baba Amina asiingie. Kushoto kuna shimo walilotoa udongo wa matofali, linameza mtu mzima. Njia ya mawe tuliitandaza sisi wenyewe, inakwenda kwa kupinda. Mie naijua kwa nyayo. Nitakwenda mie."

Hapo ndipo tulipokwama, na bado hatujaingia majini. Anayejua njia ni yeye. Anayepaswa kumtazama hatua kwa hatua ni mimi. Na mwanamke hawezi kutembea majini bila kupandisha kanga, na mkwe hawezi kumtazama mama mkwe aliyepandisha kanga. Afadhali gari lizame.

Tukakubaliana, kwa njia ya kuku. Mimi nitampa mgongo, niangalie tulikotoka. Yeye atavuna matete, ayachomeke kando ya mawe akienda, ili nifuate mstari. Na atanitajia maji yamefika wapi.

Nikasimama kama mwanafunzi aliyeadhibiwa, nikitazama matope ya barabara. Nikasikia maji yakichezwa.

"Mama, yamefika wapi?"

"Magotini."

Hatua nyingine, na pumzi za mtu anayechomeka kitu kwa nguvu.

"Na hapo?"

Akakawia. "Magotini."

"Katikati je?"

Akakawia zaidi. "Magotini, Baba Amina. Magotini tu."

Nikafurahi. Turubai likabaki limekunjwa nyuma. Alipoita "tayari," nikageuka, akawa amesimama ng'ambo amejifunga kanga kavu aliyoivusha kichwani, heshima zake zote mahali pake. Matete yalikuwa yamejipanga vizuri. Yale ya ukingoni yalisimama kimo cha kifua, na ya katikati yalionyesha ncha tu. Jicho langu liliyaona hayo, naapa liliyaona. Lakini masikio yalikuwa yameshasikia magotini mara tatu, na bingwa hana haja ya kuuliza mara ya nne.

Nikaingia. Mwendo mmoja, wimbi dogo mbele ya bampa, kila kitu kama somo. Katikati pua ya gari ikashuka, ikaendelea kushuka. Maji yakapanda juu ya boneti. Feni ikayachapa, injini ikakohoa mara mbili, ikanyamaza.

Maji yaliingia mlangoni bila haraka, yakafika kwenye kiti. Kikapu kikaanza kuelea, kuku akiwa ndani, akipiga kelele kwa mara ya kwanza tangu Diaca. Mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo. Nikauchomoa, nikautia mfuko wa shati, nikaukalia mkono.

Nilipoinua macho, mama mkwe alikuwa anarudi majini, na kanga ile kavu, bila kupandisha kitu, mikono mbele. Maji yalimfika kifuani. Akashika dirisha langu.

"Mama," nikasema, "ulisema magotini."

Akanitazama usoni. Miaka saba, na ndiyo mara ya kwanza nikaona kwamba macho ya Zaituni ni yake.

"Ningesemaje? Weye mkwe wangu. Nikutajie paja? Nikutajie kiuno?"

"Ungesema hata juu kidogo ya magoti."

"Si ndilo paja hilo."

Mimi ndiye niliyeanza kucheka. Naye akashikwa, akacheka mpaka akaegemea mlango, gari limejaa maji, shamba linapotea, na sisi hatuwezi kunyamaza. Kuku nikampakata.

Kelele zetu zilimleta mtu. Alikuwa na jembe begani, akajitambulisha kwa jina la Kaetano, Mmakonde kutoka kule juu uwandani, amehamia bondeni na familia yake baada ya kwao kuharibika. Akawaita wenzake wawili na kamba. Walipoifunga mbele wakaanza kupaza sauti, "Puxa! Puxa!" Mimi niliyefanya kazi na mafundi wa kutoka Mtwara nikasikia "pushi," nikaruka nje, nikaenda nyuma ya gari kusukuma kwa bega, wakati wao wanasema vuta kwa Kireno, na kamba imelala chini inanisubiri mimi. Mama mkwe ndiye aliyeishika. Alivuta pamoja nao, kanga imemganda, akiitikia kwa sauti kuliko wanaume.

Gari lilipotoka, Kaetano alikataa hata kukaa tunywe maji. "Samahani, mama, chefe anapita leo kwenye machamba yangu, pale ninapolima. Nikichelewa napoteza." Akaenda mbio.

Mama mkwe akamtazama mpaka alipopotelea kwenye mihogo. "Anakwenda upande wetu," akasema. Hakumwambia kuku. Aliniambia mimi.

Nikafungua kichujio cha hewa, nikakikamua. Nikatoa plagi za kupashia moto, nikazungusha injini mara chache, ikatapika maji kupitia matundu yale. Nikatazama mafuta kwenye kijiti chake, yalikuwa bado meusi, hayajageuka rangi ya chai ya maziwa. Jua lilikuwa limeshapita utosi, na yeye alisimama pembeni akipeleka macho kwenye jua na kwenye mikono yangu.

"Nitakwenda kwa miguu," akasema.

"Mama, nipe dakika kumi. Nakuomba."

Alinipa. Injini ilipowaka ilitoa moshi mweupe tele, na mama mkwe akafungua mlango wa mbele, akakaa pembeni yangu.

Nhica, kwenye kona ya shamba

Tulimkuta chefe na daftari lake chini ya mikorosho, na mbele yake, kama tulivyohofu, Kaetano. Alilokuwa analilima ndilo shamba lenyewe. Aliponiona nashuka, na mama ananifuata, aliweka jembe chini. Nadhani alielewa kabla hatujasema.

"Hodi," mama akasema. "Mie ni mjane wa Rashidi. Nimekuja kuonyesha."

"Nimekuja na kalamu tayari, mama," chefe akasema. "Ulikuwa umebakiza kidogo tu uchelewe. Onyesha."

Akatembea. Kutoka mkorosho uliopinda hadi kwenye mfereji, kutoka mfereji hadi kwenye kichuguu, na sisi nyuma. Hakusita hata mara moja mpaka kona ya mwisho. Pale palikuwa na mawe madogo, yamepangwa kuzunguka mahali penye urefu wa mkono wangu. Muhogo wa Kaetano ulikuwa umelimwa pande zote, lakini kuzunguka mawe hayo palikuwa peupe, pamepaliliwa, hapana mche.

"Na haya?" chefe akauliza. "Ni alama ya mpaka?"

Kaetano akasema, "Niliyakuta. Sikujua ni nini, ila nikaona ni kitu cha watu. Jembe sikulipitisha."

Mama mkwe akachutama.

"Ni mwanangu," akasema. "Bakari. Wa kwanza. Alikuwa anaanza kusimama dede. Masika yale maji yalitukatia njia ya makaburini, baba yake akamlaza hapa pembeni, mahali ambapo hapalimwi. Tukahama upande wa pili wa shamba. Zaituni akaja, na hilo jina hatukulitamka tena ndani ya nyumba."

Chefe aliandika, kisha akafunga daftari. Kaetano akavua kofia. Mimi nililia, na sioni sababu ya kulificha. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikamwekea mkono begani. Desturi inakataza. Hakuuondoa.

"Mama," Kaetano akasema, "mie nilikuwa nalima tu nisife njaa."

"Umempalilia mwanangu," akamjibu. "Mihogo yako ikae mpaka ikomae, uvune. Kisha tutazungumza, mie na weye na mkeo, tuone panapotutosha wote."

Akaamua kubaki. Mke wa Kaetano alimpa mkeka na chumba, na jioni ile tulikula chima, ugali wa kwetu, na samaki wa mto, wote pamoja, mama mkwe na mimi kwenye sinia moja. Aliniwekea kichwa cha samaki upande wangu.

Asubuhi, nilipokuwa nafunga habu za gari, alikuja akasimama karibu.

"Baba Amina. Mwambie mwenzio. Mie nilijaribu kila mwaka, mdomo ukakataa. Weye una maneno mengi."

Kurudi

Maji yalikuwa yamepungua, na matete yake yalikuwa bado yamesimama. Nilitembea kijito chote kwanza, nikafunga turubai mbele, nikavuka. Sikumbuki kitu kingine cha njia ile. Nilikuwa natafuta maneno, mimi mwenye maneno mengi.

Zaituni alinisikiliza akiwa amekaa kitandani, mkono juu ya paji la Amina. Shamba limeandikwa kwa jina la mama yake, nikamwambia, akashusha pumzi. Kisha nikamwambia lile jingine. Hakulia. Aliniuliza jina mara ya pili, nikalirudia. Kisha akachukua simu, akampigia chefe, akaomba aitiwe mama yake.

Tulisubiri. Tulisikia watu wakiitana kule Nhica, nyayo, mtu akimwambia mtu ashike simu hivi na si hivi. Kisha pumzi ya mama.

"Shikamoo, Mama Bakari," Zaituni akasema.

Tukasikia mkeka ukikunjuliwa, na mama akiketi.

"Marahaba," mama akasema. "Marahaba, mwanangu."